Aliyehesabu Saa Akasahau Mwezi

Lamu hakuna reli. Mnamo Machi 2012 Rais Mwai Kibaki wa Kenya, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu wa Ethiopia, Meles Zenawi, walikutana upande wa bara wakazindua mradi wa LAPSSET, na ndani ya mradi huo ilikuwamo reli ya kutoka Lamu kwenda Sudan Kusini na Ethiopia. Gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa Mei 2021. Reli ingali kwenye makaratasi. Kwa hiyo mtu wa Lamu anayependa kutembea kwa miguu kutoka kituo hadi kituo, akishuka hapa na kupandia kule, vituo vyake ni magati na madiko: Amu (ndio mji wa Lamu wenyewe), Shela, Matondoni, Kipungani, Mtangawanda, Faza, Kizingitini. Na mwenye kuendesha ratiba ya vituo hivyo vyote ni maji.

Kutoka Amu hadi Shela ni kilomita tatu hivi, dakika arubaini na tano kwa asiye na haraka, na njia yake inafuata ufuo. Maji yakiwa yametoka, mtu hupita mchangani akapunga upepo. Yakiwa yamejaa, tena ya bamvua, ndiyo maji makuu, bahari inapiga ukuta, na hapo utaona wageni wamebeba viatu mkononi na akina mama wamekunja mabuibui, kila mmoja akijifanya kwamba hivyo ndivyo alivyokusudia tangu nyumbani. Kwenda Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi, unakatiza kisiwa kwa njia za punda, mchanga mzito, karibu saa mbili. Ukiendelea mbele unafika Kipungani, wanakosuka mikeka. Wengi hurudi kwa mashua, kwa kuwa miguu imekwisha.

Lakini mwenye hamu ya kweli ya kutembea huenda kisiwa cha Pate. Boti kutoka Amu hupita Mkanda, ule mlango mwembamba wenye mikoko huku na huku kati ya Manda na bara, ambao maji yakipwa sana vyombo haviupiti. Ndiyo sababu boti za Pate hazina saa moja ya kudumu: leo zaweza kung'oa nanga mapema, wiki ijayo alasiri. Kituo cha kwanza ni Mtangawanda, penye kina. Kutoka hapo hadi mji wa Pate ni mwendo wa saa moja hivi. Pate hadi Siyu ni saa mbili au zaidi kidogo, na Siyu hadi Faza hali kadhalika. Bodaboda siku hizi zipo, na mwenye mzigo hana haja ya kujitesa. Anayekwenda kwa miguu huona tumbaku iliyolimwa ndani ya magofu ya Pate, mji uliokuwa wa masultani Wanabahani, huona ngome ya Siyu, mji uliomtoa jasho Sayyid Said wa Zanzibar katika miaka ya 1840, tena hupata salamu za watu ambao aliyepita kwa pikipiki huwaachia vumbi.

Kisa nitakachosimulia ni cha mtu nitakayemwita Msafiri. Si mtu mmoja. Nimemuunga kwa vipande vya watu wa aina yake, ambao kila msimu hawakosi. Njia aliyopita, saa za maji na matope, hivyo havikuungwa.

Msafiri ni kijana wa miaka thelathini na kitu, kazi yake ofisini Mombasa, bibi yake mzaa mama mtu wa Faza. Alikuja Amu kwa Maulidi ya Riyadha, msikiti ulioasisiwa na Habib Swaleh, yanayosomwa mwishoni mwa Mfungo Sita. Wiki nzima alijua mwezi: leo ngapi, zimebaki siku ngapi, usiku mkubwa lini. Maulidi yalipokwisha na mwezi mpya ukaandama, aliiweka kalenda hiyo kando kama mtu avuaye kanzu ya sherehe, akarudi kwenye saa ya simu. Jambo hili nataka msomaji alishike. Watu wa pwani tumejaliwa kalenda inayotuambia bahari itafanya nini, na tunaitumia kwa kila kitu isipokuwa bahari.

Alipanda boti ya alasiri, akateremka Mtangawanda, akaingia Pate jua likizama. Alilala kwa mzee mmoja, nahodha aliyestaafu, rafiki wa marehemu babu yake. Baada ya isha, kahawa ikiwa inazunguka, mzee akamuuliza:

"Kesho wenda wapi, mwanangu?"

"Siyu, babu. Halafu Shanga, halafu Faza nipande boti ya saa tisa."

"Kesho mwezi pili."

"Naam, babu."

"Maji makuu hayo. Ukitoka Shanga, rudi na njia ya mashambani uliyoendea. Usifuate pwani."

"Naam, babu."

Aliitikia kwa adabu, jicho likiwa kwenye ramani ya simu. Lau angekuwa mjeuri ingekuwa afadhali. Mjeuri angebisha, angeuliza kwa nini, na mzee angepata nafasi ya kueleza. Mwitikio wa adabu ulifunga mlango, na mzee, kwa adabu yake naye, hakuusukuma.

Asubuhi alitoka mapema, akafika Siyu jua likiwa bado halijachoma. Siyu wana ufundi wa ngozi tangu zamani, na Msafiri hakupita hivi hivi: alinunua makubadhi mapya, yenye nakshi, soli ngumu, yakinuka ngozi. Akayavaa papo hapo na viatu vyake vya mpira akavifunga kwenye mkoba. Nyumba aliyopokewa ilimpa mtoto wa miaka kumi hivi amwonyeshe njia ya Shanga, na bei haikutajwa, kwa kuwa ni desturi.

Shanga ni magofu ya mji uliohamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Katika miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alichimba pale, na chini ya msikiti wa mawe akakuta alama za misikiti iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa wa miti, wa karne ya 8. Ni miongoni mwa athari za kale kabisa za Uislamu katika pwani yetu. Mtu mwenye moyo hawezi kupaangalia kwa dakika kumi. Msafiri alizunguka kuta, akasoma fatiha penye makaburi, akapiga picha, kisha akateremka ufuoni. Ilikuwa saa tano kasorobo, maji yametoka hata upeo, na mbele yake uwanda wa mchanga na tope ulimetameta mpaka mbali. Njia ya mashambani aliyojia ilikuwa ya joto na miiba. Ufuo ulikuwa na upepo. Kwenye ramani ya simu, ufuo ulionekana mfupi zaidi.

Akakaa. Akala maembe. Adhuhuri ikaingia, akasali, na saa saba kasorobo akasimama na kumwambia mtoto wapite chini, wakatize mikoko.

"Ami, tusipite huku," mtoto alisema. "Mai yaya." Yaani, maji yanakuja.

Msafiri akatazama bahari. Mawimbi yalikuwa mbali kule, madogo, hayana dalili ya kitu. Akacheka, akampa mtoto shilingi mia, akamwambia arudi kwa njia anayoitaka na wakutane Siyu. Mtoto hakubishana na mtu mzima. Akapanda mashambani.

Hapa nimwache Msafiri kidogo, kwa kuwa aliyoyafanya yalikwisha kufanywa na watu wakubwa kuliko yeye, tena si mbali na hapo.

Yapata mwaka 1812, Pate na Wamazrui, watawala wa Mombasa, waliungana kuishambulia Amu. Pate ilikuwa na madai yake ya zamani juu ya Amu, na Mombasa ilitaka mkono wake ufike kaskazini. Jeshi lao lilikuja na vyombo, likateremka Shela, likaburura vyombo ufuoni na kwenda vitani. Watu wa Amu walipigana kwa nguvu isiyotarajiwa, wakawarudisha nyuma washambuliaji mpaka mchangani. Walipofika kwenye vyombo vyao, kama yanavyosimulia mapokeo ya Amu, maji yalikuwa yametoka. Majahazi yamelala ubavu kwenye mchanga mkavu, na chombo kizito hakisukumwi na watu wanaokimbizwa. Waliuawa wengi pale ufuoni, na wazee wa Shela husimulia kwamba kwa miaka mingi baadaye upepo ulikuwa ukifukua mifupa kwenye mafungu ya mchanga.

Yaliyofuata yanajulikana. Watu wa Amu walihofia kisasi, wakaomba himaya ya Sayyid Said bin Sultan wa Oman, yuleyule ambaye baadaye Siyu ilimtoa jasho. Liwali akaletwa, ngome ya Amu ikakamilika yapata mwaka 1821, na Pate haikurudi tena kuwa ile iliyokuwa. Wamazrui nao Mombasa iliwatoka mikononi mwaka 1837. Sisemi kwamba kupwa kwa maji siku moja kuliigeuza historia yote hiyo. Palikuwa na siasa, biashara, na ushujaa wa waliokuwa wakilinda mji wao. Ila ninalotaka lionekane ni hili: waliokwama Shela hawakuwa watu wa nyika. Walikuwa Wapate na Wamombasa, mabaharia wana wa mabaharia, watu wanaojua bamvua na maji mafu tangu tumboni. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye angeshindwa kukuambia maji yangepwa saa ngapi siku ile, kama ungemuuliza. Walihesabu bunduki, wakahesabu watu, wakahesabu siku za safari. Hili moja hawakulihesabu kwa sababu walikwisha kulijua.

Turudi mikokoni.

Msafiri alivuka mkono wa kwanza wa bahari, maji yakimfika kifundoni. Akavuka fungu la mchanga, akaingia kwenye mikoko, akafuata upenyo. Macho yake yalikuwa upande wa bahari kuu, akingoja maji yaje kutoka huko. Maji hayaji hivyo. Hupanda kwanza kwenye mikono na vijito vilivyo chini zaidi ya mafungu, yakazunguka kimyakimya na kujaza nyuma ya mtu, na yeye yuko kwenye kikavu anasifu upepo. Alipofika mkono wa pili akakuta maji yamo mapajani na yanakwenda mbio. Akasita. Akaamua kurudi. Ule wa kwanza, aliouvuka hapo awali kwa kuloweka vifundo, sasa ulikuwa wa kifuani, na mkondo wake ulimvuta alipotia mguu.

Hapa kuna hesabu ambayo kila mtembezi wa pwani anafaa kuijua. Maji huchukua saa sita na dakika chache kutoka kupwa hadi kujaa, lakini hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza ni kidogo sana, ya pili yanazidi, na saa ya tatu na ya nne ndiyo yanakimbia: nusu nzima ya maji huingia katika saa hizo mbili za katikati. Lamu, wakati wa bamvua, tofauti ya kupwa na kujaa ni zaidi ya mita tatu. Nusu yake ni mita moja na nusu. Basi mtu aliyeona maji yakijikokota kuanzia saa tano hadi saa saba, akasema moyoni kwamba kwa mwendo huu nina nafasi, anadanganywa na saa mbili za mwanzo. Saa mbili zinazofuata humpandia kutoka vifundoni mpaka kifuani.

Msafiri hakuzama. Alikuwa na akili ya kutosha kutolazimisha kuvuka. Aliingia ndani ya mikoko kutafuta mahali pa juu, na huko tope likamshika. Tope la mikoko halivuti kwa ghafla. Hupokea mguu kwa upole mpaka magotini na kukataa kuutoa. Kubadhi la kulia likabaki chini, kisha la kushoto. Akaingiza mkono mpaka begani kulitafuta, akatoa kiganja cha tope jeusi lenye harufu ya yai bovu. Akaendelea peku, na mizizi ya mikoko imejaa chaza, na chaza hukata kuliko wembe. Mwishowe alipanda mkoko mmoja mnene, akakaa penye panda, nyayo zinavuja damu, mkoba shingoni, na simu iliyotiwa mfuko wa suruali imekwisha kunywa maji ya chumvi na kufa. Viatu vya mpira vilikuwa bado vimefungwa mkobani, vikavu.

Alikaa pale muda mrefu. Alisikia injini ya boti mbali, akapiga kelele, na kelele za mtu mikokoni haziendi popote.

Aliyemtoa ni yule mtoto. Alipofika Siyu na kuona mgeni hajaingia, hakungoja kuulizwa. Alikwenda kwa mjomba wake, mvuvi, akamwambia ami amepita pwani. Mjomba hakuwa na haja ya maelezo zaidi. Alichukua mtumbwi wake, akangoja kidogo maji yazidi, kwa kuwa maji yaleyale yaliyomfungia Msafiri njia ndiyo yaliyoufungulia mtumbwi, na karibu na saa kumi alikuwa akipiga kafi katikati ya mikoko na kuita. Alipompata hakumkaripia. Alisema tu, "Shika hapa. Usiruke. Kaa katikati."

Boti ya Faza ilikuwa imekwisha ondoka. Isingeweza kumngoja hata kama nahodha angempenda kama mwanawe, kwani ilikuwa na Mkanda wa kuvuka kabla maji hayajageuka. Msafiri alilala Siyu, akaoshwa majeraha kwa maji ya moto na chumvi. Kesho yake aliondoka na boti iliyochelewa karibu saa nzima kuliko ile ya jana, kama inavyotakiwa ichelewe, na basi la Mombasa kutoka Mokowe likawa limempita pia. Mkuu wake wa kazi, mtu wa bara, aliposikia kwamba mfanyakazi wake amekosa siku mbili kwa sababu alikuwa juu ya mti baharini, hakuamini. Simwoni kuwa na kosa.

Wapo watakaosema kwamba haya ni ya wageni, na wenyeji hayawapati. Ndiyo maana nimemfanya Msafiri mjukuu wa Faza. Mgeni kamili, Mholanzi au Mjerumani aliyekuja kuona Takwa, kwa kawaida huwa salama zaidi, kwa kuwa anajua kwamba hajui. Takwa iko Manda, inalindwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na njia yake ya maji ni mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko, unaopitika maji yakijaa tu. Mgeni humuuliza nahodha, nahodha humwambia tuondoke sasa, naye huondoka. Anayechelewa kwenye magofu mpaka mashua ikakalia tope mara nyingi ni mtu wa hapahapa, aliyeleta jamaa zake, anayesema "bado, bado".

Uingereza wana mahali panapofanana na mikono yetu ya bahari kwa ujanja. Ni ghuba ya Morecambe, kaskazini-magharibi ya nchi, mchanga mtupu wa maili na maili maji yakitoka. Watu huvuka kwa miguu kutoka Arnside hadi Kents Bank, na pande zote mbili kuna stesheni ndogo ya reli, hivyo mtembezi huweza kurudi kwa treni. Lakini havuki peke yake. Tangu karne ya 16 kuna kiongozi rasmi wa mchanga ule, anayeteuliwa kwa niaba ya ufalme, ambaye hukagua njia na kuweka matawi ya miti pale panapofaa kupita, kwa kuwa mito ya ndani ya ghuba huhama. Februari 2004, usiku, Wachina waliokuwa wakiokota kombe kwa ujira mdogo walikutwa huko na maji, na wasiopungua 21 wakafa. Hawakuwa wamepewa kiongozi wala saa za maji. Wale walikuwa maskini waliopelekwa na tajiri asiyewajali, na hesabu ya kifo chao iko kwa aliyewapeleka. Msafiri wetu alipewa viongozi wawili, mzee usiku na mtoto mchana, bila malipo, akawapita wote wawili.

Kwa hiyo hukumu yangu juu yake si kali kwa sababu ya maji. Maji yangeweza kumpata yeyote. Ni kwa sababu ya shilingi mia. Alipomkabidhi mtoto ile noti alikuwa ananunua ukimya, na watu wazima tumezoea kuununua kwa watoto kwa bei rahisi. Mtoto wa Siyu amecheza kwenye tope hilo tangu alipoanza kutembea. Kuhusu mkono huo wa bahari yeye ndiye mtu mzima.

Na mzee wa Pate? Naye nina neno naye, kwa heshima. Wazee wetu wa bahari wana tabia ya kusema mara moja, kwa ufupi, na kuhesabu kwamba wamesema. Zamani ilitosha, kwa kuwa kijana aliyesikia "maji makuu" alikuwa amekwisha kukokota dau kwenye tope kwa ajili ya maji hayo. Kijana wa leo wa Mombasa au Nairobi, hata akiwa wa damu, anasikia maneno mawili tu. Anahitaji kuambiwa kwamba maji yatapwa saa ngapi, yatakimbia saa ngapi, na wapi patafungwa kwanza. Mwambieni hivyo, na mkiona anaitikia haraka mno, mwambieni arudie alichosikia.

Hesabu yenyewe haihitaji chuo. Mwezi mwandamo ukiwa mosi hadi tatu, na tena kuanzia kumi na tano hadi kumi na saba, ni bamvua: mwezi na jua huvuta kwa mstari mmoja, maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo visiwani Lamu maji hujaa karibu na saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne au tano, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika hamsini. Mwezi ukifika saba au nane, na tena ishirini na mbili hivi, ni maji mafu, yasiyopanda sana wala kushuka sana, na saa zake zimegeuka: kujaa kunakuwa karibu na saa nne, kupwa karibu na saa kumi. Mwenye kutaka dakika kamili, Mamlaka ya Bandari za Kenya huchapisha jedwali la maji kila mwaka. Asiye nalo ana kalenda ya msikiti ukutani.

Basi ukitaka kutembea Pate yote, au Manda, au nyuma ya Kipungani, nenda, na usiogope. Vaa viatu vya kufunga, makubadhi yaache mkobani. Ukilazimika kupita kwenye maji ya magotini, buruta nyayo usizinyanyue, ili taa aliyelala mchangani asikie na kukupisha kabla hujamkanyaga mwiba. Siku za bamvua maliza habari zako za ufuoni kabla ya saa sita mchana, na ikishapita saa sita tembea mashambani, hata kama kuna joto. Na mtoto uliyepewa akuongoze, mrudishe kwao wewe mwenyewe.